Sheng, dou, hu au shi: utumie kipimo kipi cha nafaka ya Uchina ya kale?

Anayetafsiri hadithi ya Uchina ya kale, anayefundisha historia yake au anayeandika riwaya iliyowekwa huko, mara nyingi hukwama penye nafaka. Mkulima amekopa dou tano, mfungwa anapewa shi mbili kwa mwezi, ofisa mkubwa analipwa hu 120, na msomaji wa Kiswahili anataka kujua jambo moja tu: hiyo ni ndoo, gunia au lori zima?

Jibu la haraka ni kwamba sheng ni lita moja, dou ni lita kumi na shi ni lita mia. Ni jibu sahihi kwa karne chache za mwisho za dola ya Uchina, lakini ukilipeleka enzi ya Han umemlisha kila mtu mara tano ya alichokula. Majina yalidumu zaidi ya miaka elfu mbili huku vyombo vikikua, kwa hiyo kinachochaguliwa hasa ni mizani, yaani mfumo wa vipimo, ya enzi gani utakayotumia, si jina la kipimo. Hapa nalinganisha mizani nne ambazo mtu anakutana nazo zaidi: ya dola ya Qi, ya Qin na Han (enzi zilizotawala Uchina nzima kuanzia 221 KK hadi 220 BK), ya Tang (618 hadi 907), na ile iliyoanza mwishoni mwa Song (karne ya 13) ikafika hadi Qing, iliyoanguka mwaka 1912.

## Vigezo

Kila mizani nimeiuliza maswali yaleyale. Kwanza, ukubwa: ni lita ngapi za leo? Pili, ngazi: unapandaje kutoka kipimo kidogo hadi kikubwa? Tatu, ushahidi: kipo chombo chenyewe, au tunategemea maandishi peke yake? Nne, mtego: msomaji anakosea wapi? Tano, inamfaa nani?

Kuna mambo mawili yanayozihusu zote nne. La kwanza ni kama nafaka imekobolewa au bado. Hesabu za kale za Kichina zilikuwa na uwiano wa kudumu: mtama mdogo usiokobolewa vipimo 50 hutoa vipimo 30 vya uliokobolewa, yaani tano kwa tatu. Shi mbili zenye maganda si shi mbili za kutia chunguni, na maandishi mengi hayakwambii ni zipi. La pili ni mdomo wa chombo. Kipimo halali kilikuwa cha mfuto: unajaza, unapitisha kijiti juu, kinachozidi kinaanguka. Palipo na kilele hapana tena kipimo, na lumbesa tunayoijua sisi kwenye magunia ya viazi na vitunguu waliijua nao kwenye mchele.

## Mizani ya Qi: nne nne, na mkopo uliobadili utawala

Qi ilikuwa dola ya mashariki, katika Shandong ya leo, yenye chumvi, samaki na soko kubwa.

Ukubwa na ngazi. Sheng nne zilifanya dou moja ya Qi, dou nne zikafanya ou, ou nne zikafanya fu, na fu kumi zikafanya zhong. Fu ya serikali kwa hiyo ilikuwa sheng 64, na zhong sheng 640. Familia kubwa ya Chen, iliyoitwa pia Tian, ilikuwa na vyombo vyake ambavyo ngazi zake ziliongezwa moja moja. Wapo wanaosoma ongezeko hilo kama tano, tano, tano, wakapata fu ya sheng 125. Wengine wanasoma tano, tano, nne, wakapata 100. Mimi nafuata 100, kwa sababu ya vyombo nitakavyovitaja sasa hivi.

Ushahidi. Ni mzuri sana. Mwaka 1857, kwenye pwani ya Shandong upande wa Qingdao ya leo, yalipatikana madumu mawili ya shaba na bakuli moja la kumiminia. Madumu yote mawili ni fu, na kila moja linaingiza lita 20 na nusu hivi. Bakuli linaingiza lita mbili na kidogo. Gawa lita 20.5 kwa 100, unapata sheng ya mililita 205, ambayo inakaa bega kwa bega na sheng ya Qin. Ukigawa kwa 125 unapata mililita 164, sheng isiyofanana na jirani yoyote. Maandishi kwenye dumu moja yanaagiza kwamba vipimo vya kituo cha ushuru vilinganishwe na vile vya ghala la serikali, na yanaweka adhabu kwa ofisa asiyetii. Kumbe hata wakati ule chombo cha mtoza ushuru kilihitaji kuangaliwa.

Sasa kuhusu mkopo. Mwaka 539 KK waziri Yan Ying wa Qi alimweleza mwenzake wa dola ya Jin kwamba familia ya Chen inakopesha watu nafaka kwa chombo chake kikubwa na kupokea malipo kwa chombo kidogo cha serikali. Tuweke tarakimu. Mtu amekopa zhong moja ya familia: sheng 1,000, karibu lita 205. Analipa zhong moja ya serikali: sheng 640, karibu lita 131. Neno ni lile lile, zhong kwa zhong, lakini lita 74 zimebaki nyumbani kwake. Mwaka huohuo ikulu ilikuwa ikiwabana kwa kodi. Watu walimiminika kwa Chen, na mwaka 386 KK ukoo huo ulitambuliwa rasmi kuwa watawala wa Qi. Sijui mfano mwingine wa kale unaoonyesha wazi hivi jinsi siasa inavyoweza kukaa ndani ya dumu la nafaka.

Mtego. Dou ya Qi (豆) na dou ya kawaida (斗) huandikwa sawa kwa herufi za Kilatini, ilhali ya kwanza ni sheng nne au tano na ya pili ni sheng kumi. Ukiwa na maandishi ya Kichina mbele yako, itazame herufi. Ukiwa na tafsiri tu, tazama jirani zake: ikiongozana na ou, fu na zhong, ni ya Qi.

Inamfaa nani. Anayesoma au kuandika juu ya Qi na karne za kabla ya Qin kuiunganisha Uchina mwaka 221 KK, na mwandishi anayetaka kisa cha mkopeshaji, mkopaji na vyombo viwili. Kwa hesabu za bajeti au kodi za dola nzima haina msaada, maana haikuvuka mipaka yake.

## Mizani ya Qin na Han: kumi kumi

Ukubwa. Sheng ni mililita 200 hivi, dou ni lita mbili, na dou kumi ni lita 20. Kipimo hicho cha mwisho Qin walikiita tong au shi, Han wakakiita hu au shi. Msomaji wa kwetu ana bahati hapa: hu ya Han ni kama debe.

Ngazi. Kumi kumi, ila chini kabisa. Yue mbili ni ge moja, ge kumi ni sheng, sheng kumi ni dou, dou kumi ni hu. Yue yenyewe ilifafanuliwa kwa punje 1,200 za mawele meusi ya ukubwa wa wastani, ikaunganishwa na urefu wa filimbi iliyotoa sauti ya msingi ya muziki wao. Muziki, urefu, ujazo na uzito vilifungwa kwenye fundo moja.

Ushahidi. Hakuna mizani nyingine yenye ushahidi mzito hivi. Katika Makumbusho ya Shanghai kuna kisanduku cha shaba chenye mkono mtupu wa kushikia, kilichotengenezwa mwaka 344 KK chini ya Shang Yang, mwanamageuzi wa Qin. Ndani kina urefu wa sentimita 12.5, upana wa karibu 7 na kina cha 2.3. Zidisha mwenyewe: mililita 200 na kidogo. Ubavuni kimeandikwa mwaka wake na ujazo wake, cun (inchi ya Kichina) za ujazo 16 na moja ya tano kuwa sheng moja. Chini yake iliongezwa amri ya Mfalme wa Kwanza wa Qin ya mwaka 221 KK ya kuunganisha vipimo. Yaani baada ya miaka 123 chombo kilekile kilichukuliwa, kikaonekana bado ni sahihi, kikapewa muhuri wa dola mpya.

Kitazame tena kisanduku hicho. Kina chake ni sentimita mbili tu na mdomo umepanuka. Nafaka ikizidi juu ya ukingo kwa wastani wa sentimita moja, umeongeza mililita 87, zaidi ya asilimia 40 ya sheng nzima. Chombo cha namna hii bila kijiti cha kufutia ni hatari kwa mlipa kodi, na ndiyo sababu kalenda za serikali za wakati huo ziliagiza madumu, mizani na vijiti vya kufutia vikaguliwe pamoja, mwezi ambao mchana na usiku hulingana.

Adhabu nazo tunazijua kutokana na sheria za Qin zilizoandikwa juu ya vipande vya mianzi, zilizofukuliwa Shuihudi, mkoani Hubei, mwaka 1975. Tong ikikosea kwa sheng mbili au zaidi, yaani asilimia mbili, ofisa anatozwa vazi moja la kivita. Ikikosea kwa chini ya hapo hadi sheng moja, anatozwa ngao. Sheng yenyewe ikikosea kwa sehemu moja ya ishirini, mililita kumi tu, ngao imekwenda.

Kisha kuna chombo cha Wang Mang, mtawala aliyeukatiza utawala wa Han, cha mwaka 9 BK, kilichoko Makumbusho ya Kasri ya Taifa mjini Taipei. Ni vipimo vitano katika mwili mmoja: juu hu, ukikigeuza chini unakuta dou, sikio la kushoto ni sheng, na sikio la kulia ni ge upande wa juu na yue upande wa chini. Uzito wake uliwekwa uwe jin (ratili ya Kichina) 60 za wakati ule, leo kilo 13.6 hivi. Kipenyo na kina vimechongwa juu yake kwa makini kiasi kwamba wanahisabati wa karne za baadaye, Liu Hui mnamo mwaka 263 na Zu Chongzhi katika karne ya tano, walikitumia kukagua hesabu ya duara. Kwa anayetaka kushika kitu kimoja kama rejea, hiki ndicho.

Mtego. Iko mitatu. Wa kwanza, shi lilikuwa pia jina la uzito, jin 120, karibu kilo 30. Wa pili, cheo cha “shi 2,000” enzi ya Han ni jina la daraja la ofisa na halikuwa mshahara wake. Katika Han ya Mashariki mwenye daraja hilo alipokea hu 120 kwa mwezi, karibu lita 2,400. Wa tatu ndio unaowanasa hata wazoefu: nyaraka za askari wa mpakani kule Juyan zinatumia shi kubwa na shi ndogo, kwa uwiano uleule wa tano kwa tatu. Askari aliyeandikiwa shi tatu, dou tatu na sheng tatu na kitu kwa mwezi amepewa zile ndogo. Kwa kubwa ni shi mbili kamili.

Inamfaa nani. Mwalimu wa darasani, kwa sababu ngazi ni rahisi na vyombo vipo. Mtafsiri wa chochote kuanzia Qin hadi Jin ya Mashariki, iliyokwisha mwaka 420. Mshairi Tao Yuanming aliyeacha kazi ya serikali mwaka 405 akikataa kuinama kwa ajili ya dou tano za mchele alikuwa anazungumzia lita kumi hivi, robo tatu ya ukali wa maneno yake iko kwenye udogo huo. Ukimwandikia lita 50 umemharibia.

## Mizani ya Tang: chombo kikubwa na chombo kidogo

Baada ya Han kuanguka mwaka 220, dola za kaskazini zilikusanya kodi kwa nafaka na kitambaa, na kila chombo kipya kilikuwa kikubwa kuliko kilichotangulia. Sui ilipoanza mwaka 581 ilikuta sheng imefika mara tatu ya ile ya kale, ikaihalalisha. Tang ikarithi.

Ukubwa na ngazi. Sheng kubwa ni mililita 600 hivi, dou kubwa lita sita, na hu lita 60. Sheng ndogo ni ileile ya kale, mililita 200. Tatu ndogo ni moja kubwa. Ngazi zenyewe bado ni za kumi.

Ninachokipenda hapa ni uwazi wa sheria. Ilitaja mambo ambayo yangetumia vipimo vidogo: kurekebisha sauti za ala za muziki, kupima kivuli cha jua, kuchanganya dawa, na kushona kofia na mavazi ya sherehe. Mengine yote, ya serikali na ya watu binafsi, yalitumia vipimo vikubwa. Kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Ukiona mganga, tumia ndogo. Ukiona ghala, tumia kubwa.

Ushahidi. Maandishi ya sheria ni imara kuliko vyombo. Kila mwaka, mwezi wa nane, vipimo vya serikali na vya watu vilipelekwa kukaguliwa, mji mkuu kwenye ofisi ya hazina na mikoani kwa wakuu wa wilaya, vikapigwa muhuri ndipo vitumike. Mkaguzi aliyepitisha kipimo kisicho sawa alichapwa fimbo 70.

Mtego. Kuchanganya kubwa na ndogo ndani ya maandishi yaleyale. Mwandishi wa Tang anayenukuu tukio la Han anabeba tarakimu za Han, na anayesimulia mambo ya siku zake anatumia kubwa, bila kukuonya.

Inamfaa nani. Mtafsiri wa mashairi na hadithi za karne ya 7 hadi ya 9, na kwa namna ya pekee anayesoma vitabu vya tiba. Maagizo ya dawa ya mwishoni mwa Han na ya Tang yote hukaa kwenye sheng ya mililita 200. Hapa tunasoma historia tu. Kipimo cha dawa ya kunywa leo kiulizwe kwa mtaalamu.

## Kutoka mwishoni mwa Song hadi Qing: sheng inakuwa lita

Ukubwa. Song ilianza na sheng ya kati ya mililita 600 na 700. Yuan, dola ya Wamongolia, ilipokuwa imeiteka kusini, mwaka 1279, sheng yake ilikuwa inaikaribia lita, na kumbukumbu zake zinatoa uwiano safi: shi moja ya Song ni dou saba za Yuan. Watu wa kusini waliolipa kodi kwa mchele waliruhusiwa waendelee kupimiwa kwa vyombo vya Song, kwa sababu hiyohiyo. Ming, iliyoifuata Yuan, ilizunguka lita moja, na sheng rasmi ya Qing ilikuwa lita 1.035. Sheria ya mwaka 1929 ikamaliza mambo: sheng moja ni lita moja kamili.

Ngazi. Hapa ndipo ngazi ilipovunjika. Mwishoni mwa Song hu ilipunguzwa ikawa dou tano badala ya kumi, na shi ikabaki dou kumi. Tangu hapo hu mbili ni shi moja. Umbo nalo lilibadilika: hu mpya ilikuwa piramidi iliyokatwa kichwa, chini pana, juu nyembamba. Mdomo mwembamba hauna mahali pa kuwekea kilele, na kosa la mfuto linakuwa dogo. Kwangu hilo ni suluhisho zuri kuliko fimbo 70, maana linamlinda mlipa kodi hata pasipo mkaguzi.

Halikutosha. Enzi za Ming na Qing wapokea kodi walikuwa na mbinu iliyojulikana kwa jina: wanamimina mchele hadi uwe mlima juu ya hu, kisha wanaipiga hu teke. Mchele unashuka na kujipanga ndani, nafasi inapatikana ya kuongeza, na uliomwagika chini mkulima haruhusiwi kuuzoa.

Ushahidi. Vyombo vingi, nyaraka nyingi zaidi. Anayekwenda Beijing anaweza kuona, mbele ya Ukumbi wa Upatano Mkuu katika Kasri la Kifalme, chombo cha shaba kilichotengenezwa mwaka 1744 kwa amri ya mfalme Qianlong kwa kuiga vyombo vya kale. Kinasimama kama alama ya haki ya dola. Hakikupimia mchele wa mtu.

Mtego. Wa kwanza ni hu yenyewe, kama ni ya kumi au ya tano. Wa pili ni kugeuza ujazo kuwa uzito. Shen Kuo, msomi wa karne ya 11, alisema watu wa siku zake walihesabu shi moja ya mchele kuwa jin 92 na nusu, karibu kilo 59. Shi ya Qing ya mchele uliokobolewa ni kati ya kilo 75 na 85. Mchele, ngano na mawele hazina uzito mmoja kwa ujazo mmoja, basi taja nafaka unayoigeuza.

Inamfaa nani. Mtafiti wa kodi, bei, njaa na usafirishaji, na mtafsiri wa riwaya ndefu za Ming na Qing. Chukua kiwango cha mchele uliopandishwa kwa Mfereji Mkuu kwenda Beijing tangu mwaka 1472: shi 4,000,000 kwa mwaka. Kwa mizani ya Ming ni lita milioni 400 na ushei, tani 300,000 au zaidi. Kwa mizani ya Han ungeandika lita milioni 80, na mji mkuu ungekufa njaa kwenye karatasi yako.

## Zikiwekwa pamoja

| Mizani | Sheng 1 | Dou 1 | Kipimo kikubwa |
|---|---|---|---|
| Qi (ya ukoo wa Chen) | ml 205 hivi | lita 1 (sheng 5) | fu lita 20.5, zhong lita 205 |
| Qin na Han | ml 200 hivi | lita 2 | hu au shi lita 20 |
| Tang, kubwa | ml 600 hivi | lita 6 | hu au shi lita 60 |
| Qing | lita 1.035 | lita 10.35 | hu lita 51.8, shi lita 103.5 |

## Uchague ipi, kwa hali yako

Ukitafsiri hadithi au maneno ya tamthilia, acha jina la Kichina libaki na mpe msomaji lita au debe mara ya kwanza tu linapotokea. Usibadili dou kuwa kibaba au pishi moja kwa moja. Vyombo hivyo vina ujazo wake na vitaleta hesabu mpya isiyokuwemo kwenye hadithi.

Ukifundisha watoto au wanachuo wa mwaka wa kwanza, anza na Qin na Han. Waache wazidishe vipimo vya kisanduku cha Shang Yang wenyewe. Qi ije baadaye, kwa somo la mkopo.

Ukiandika riwaya, enzi ya simulizi yako ndiyo inayoamua, lakini jiulize pia chombo kiko mkononi mwa nani. Mhusika anayekopa Qi anahitaji vyombo viwili tofauti. Mkulima wa Ming anahitaji hu moja na mguu wa mpokea kodi.

Ukifanya utafiti wa chakula au kodi, andika mambo matatu kabla ya kugeuza tarakimu yoyote: mwaka, aina ya nafaka, na kama imekobolewa. Likikosekana moja, toa kiwango cha chini na cha juu badala ya tarakimu moja.

Na ukiwa na maandishi yasiyo na tarehe? Tazama kwanza hu na shi. Zikitumika kama kitu kimoja, huenda uko kabla ya mwisho wa Song. Hu ikiwa nusu ya shi, uko baada yake. Kisha tafuta posho ya mtu mmoja. Mtumwa wa kiume wa serikali ya Qin alipewa shi mbili za nafaka isiyokobolewa kwa mwezi, ambazo ni sheng sita na theluthi mbili kwa siku. Enzi ya Qing mtu mzima kwenye kambi ya msaada wa njaa alipewa ge tano za mchele kwa siku, nusu ya sheng, na mtoto nusu ya hapo. Maandishi yako yakimpa mtu wa kawaida sheng tano au sita kwa siku, geuza kwa mililita 200. Yakimpa sheng moja au chini yake, geuza kwa lita.